Vipande viwili au vinne? RAM na bodi kwa kompyuta ya kazi

Alizileta ndani ya bahasha ya kaki: vipande vinne vya RAM (memori ya kazi ya kompyuta) ya kizazi kipya cha DDR5, kila kimoja GB 32, na kila pakiti imeandikwa 6000. Mteja huyu ni mpimaji wa ardhi. Hurusha droni juu ya mashamba ya mpunga ya Ahero na kingo za mto Nyando, kisha huunganisha picha zake kuwa ramani moja. Vipande viwili alivinunua mwezi mmoja, viwili mwezi uliofuata, duka lile lile, na muuzaji akamwapia kwamba ni pacha.

"Fundi, hizi si zitapiga 6000?"

"Viwili vitapiga, injinia. Vinne, tuombe Mungu."

Tuliomba. Nilipowasha 6000 kwenye bayosi (mipangilio ya msingi ya bodi kuu ya kompyuta), skrini ilibaki nyeusi, feni zinazunguka, na kataa ka njano ka DRAM pembeni mwa bodi kameganda. Nikamaliza chai na chapati mbili. Mwishowe nikarudisha mipangilio ya kiwandani, mashine ikafunguka na kuonyesha GB 128, zote zipo, kwa kasi ya 3600.

Injinia aliniangalia kama mtu aliyelipia kiti cha mbele akapewa cha katikati ya matatu.

Nimeandika haya kwa sababu swali lake naulizwa karibu kila wiki hapa Kisumu, na majibu mengi yanayozunguka ni ya vijana wa michezo ya video. Mtu wa michezo na mtu wa kazi hawanunui RAM moja.

Namba ya kwenye pakiti

Hiyo 6000 ni kasi (mamilioni ya mihamisho ya data kwa sekunde) ambayo mtengenezaji anasema kipande kinaiweza. Utakayoipata wewe inategemea pia prosesa, maana kidhibiti cha memori kimo ndani yake, na bodi inayobeba waya kati ya hao wawili. Kwa prosesa za Ryzen 7000, watengenezaji wake AMD wenyewe wanaahidi 5200 ukiweka vipande viwili. Kwa Ryzen 9000 wanaahidi 5600. Ukiweka vinne, ahadi inashuka hadi 3600 kwa zote mbili. Chochote juu ya hapo ni kuizidishia mashine kasi kwa hiari yako, ukipata umepata.

Halafu kuna jambo dogo linalowapita wengi. RAM ya 6000 ukiichomeka tu haikimbii 6000. Hukimbia kasi ya kawaida ya DDR5, mara nyingi 4800, hadi uingie kwenye bayosi uwashe wasifu wake: EXPO kwa upande wa AMD, XMP kwa Intel. Nimefungua mashine zaidi ya moja zilizofanya kazi miaka miwili na mwenyewe hajui kuwa alilipia kasi asiyoitumia.

Na kasi peke yake ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni CL, yaani mizunguko ambayo prosesa hungoja kabla data haijaanza kutoka. Hesabu yake ni rahisi: zidisha CL kwa 2000, ugawanye kwa kasi, unapata muda wa kungoja kwa nanosekunde. Nimeziweka za kawaida hapa, kila moja ikiwa vipande viwili katika chaneli mbili (njia za data kwenda kwa prosesa):

| RAM | Data kwa sekunde, kinadharia | Muda wa kungoja |
|---|---|---|
| DDR4-3200 CL16 | GB 51.2 | ns 10 |
| DDR4-3600 CL18 | GB 57.6 | ns 10 |
| DDR5-4800 CL40 | GB 76.8 | ns 16.7 |
| DDR5-5600 CL46 | GB 89.6 | ns 16.4 |
| DDR5-6000 CL36 | GB 96 | ns 12 |
| DDR5-6000 CL30 | GB 96 | ns 10 |

Tazama safu ya mwisho. DDR5 ya bei ya chini hungoja zaidi kuliko DDR4 ya zamani. Na mashine ya injinia, ikiwa 3600, ilikuwa inapitisha GB 57.6 kwa sekunde, sawasawa na DDR4-3600. Alinunua DDR5, akafika kwenye DDR4 kwa njia ndefu.

Lakini je, alikosea?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale vijana wa michezo. Kwa kazi yake, hakukosea sana.

OpenDroneMap, programu huria anayoitumia, ina mwongozo wake wa memori: picha 250 zinahitaji takriban GB 16, picha 500 GB 32, picha 1,500 GB 64, na picha 2,500 GB 128. Safari moja ya asubuhi juu ya mashamba humpa picha zaidi ya elfu mbili. Angekuwa na GB 64 za 6000, kazi ingejaa, mfumo ungeanza kumwagia data kwenye diski ya SSD, na hapo habari ya nanosekunde inakwisha. RAM hujibu chini ya nanosekunde 100 hivi. SSD nzuri ya NVMe hujibu kwa makumi ya maikrosekunde, yaani mamia ya mara polepole zaidi. GB 128 za mwendo wa kobe humaliza ramani. GB 64 za mwendo wa swara humwonyesha ujumbe wa memori kuisha saa tisa usiku.

Kwa hiyo kwa mtu wa ramani, wa picha nyingi, wa mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) kadhaa kwa pamoja, ukubwa kwanza. Kasi ni mboga.

Kuna kazi ambazo zinageuza kibao. Kuiga mtiririko wa maji au hewa, kama wanavyofanya wahandisi wa mafuriko, hula upana wa memori kuliko karibu kitu kingine chochote. Kubana faili kubwa pia hufaidi. Na sasa wamekuja vijana wanaotaka kuendesha modeli za lugha nyumbani bila kadi ya grafiki. Modeli ya vigezo bilioni 7 iliyobanwa hadi biti 4 ina uzito wa GB 4 hivi, na kila neno inalolitoa, au kipande cha neno, huilazimu kusoma uzito wote. Kwa DDR4-3200, kiwango cha juu kabisa kinadharia ni vipande karibu 13 kwa sekunde. Kwa DDR5-6000 ni 24. Hapo kasi unaiona kwa macho. (Ingawa kadi ya grafiki ya GB 8 itawapita wote wawili, na ningemwambia kijana huyo aanzie huko.)

Kurenda kwa Blender kwa kutumia prosesa? Tofauti ya RAM ni ndogo mno kuipigia kelele. Kuhariri video za harusi? GB 32 zinatosha wengi, 64 kama unafanya 4K na madoido mengi, na pesa inayobaki iende kwenye kadi ya grafiki na diski. Nina mwenzangu Nakuru anayejengea wapiga video tu, na yeye kasi ya RAM haiulizi kabisa. Anauliza mteja ana diski ngapi.

Jambo moja zaidi kuhusu Ryzen, kwa sababu wauzaji hawalisemi. Zile za kore (viini vya kuchakata) 6 na 8 zina kipande kimoja tu cha kore, na njia kati yake na kidhibiti memori husoma baiti 32 kwa mzunguko. Kwa mwendo wa kawaida wa MHz 2000, hiyo ni GB 64 kwa sekunde, basi. Ukiifungia RAM ya GB 96 kwa sekunde, umeunganisha bomba la inchi mbili kwenye mfereji wa nusu inchi. Bado unafaidi ule muda mfupi wa kungoja, ila upana wote huuoni. Za kore 12 na 16 zina vipande viwili, na hizo ndizo zinazostahili RAM ya kasi kama kazi yako ni ya upana. Na usihangaike kupita 6000 au 6400: juu ya hapo kidhibiti cha AMD hulazimika kukimbia nusu ya kasi ya memori, na mara nyingi unapoteza ulichokuwa unakitafuta.

Njia nne zilizopo mezani

DDR4 na soketi ya AM4, tundu la prosesa za AMD za kizazi kilichopita, bado naipenda, sioni haya kusema. Prosesa kama Ryzen 9 5950X ina kore 16, bodi ya B550 ina PCIe 4.0 (njia ya kadi za grafiki na diski), na vipande vinne vya DDR4-3200 mara nyingi huwaka vyote bila ugomvi. Ni soketi iliyofika mwisho wa safari. Ukiinunua, inunue kwa kazi unayoijua leo, bila ndoto za kuiboresha kesho.

AM5, soketi mpya ya AMD, ni DDR5 tu, hakuna mlango wa nyuma. Ilitoka mwaka 2022, na AMD wametangaza kwamba wataiendeleza hadi 2027 na zaidi, kwa hiyo bodi unayoinunua leo inaweza kupokea prosesa nyingine baadaye. Kwa anayeanza upya na mwenye kazi ya kudumu, hii ndiyo chaguo langu la kwanza.

Intel ya kizazi cha 12 hadi 14, soketi LGA1700, ina mtego wake: bodi za soketi hiyo moja zipo za DDR4 na zipo za DDR5, na RAM hizo haziingiliani hata kwa nguvu, pengo la katikati liko mahali tofauti. Soma jina la bodi hadi herufi ya mwisho. Ukiona D4 au DDR4, hiyo ni bodi ya DDR4. Epuka bodi za H610 kwa kompyuta ya kazi: haziruhusu kuizidishia RAM kasi na kwa kawaida zina sloti mbili tu. B760 inatosha. Na ukichukua kizazi cha 13 au 14 chenye nguvu, weka bayosi mpya kabla ya kuipa mzigo wowote. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba prosesa hizo zilikuwa zinaomba volti kupita kiasi na kuharibika polepole, wakatoa marekebisho ya volti hizo Agosti mwaka huo. Bodi iliyokaa dukani tangu 2023 haina marekebisho hayo.

Ya nne ni mtumba, zile zinazoitwa ex-UK. HP Z440 ni mfano mzuri: ya mwaka 2014, sloti nane za RAM, chaneli nne, na kwa prosesa ya Xeon E5 v4 inatumia DDR4-2400. Piga hesabu: chaneli nne za 2400 ni GB 76.8 kwa sekunde, sawa na DDR5-4800 mpya. Tena ni ECC halisi, inayosahihisha makosa. Kwa kazi ya ukubwa na upana, kwa pesa kidogo, hakuna inayoifikia. Ubaya wake: kore moja moja ni za zamani na zinachelewa, PCIe ni 3.0, prosesa zake hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, na pawa saplai yake ni ya kipekee, ikifa hutaipata ya kawaida dukani. Na RAM yake ni ya aina ya RDIMM, RAM ya seva. Aliwahi kuja mwalimu mmoja na vipande vinne vya RDIMM alivyouziwa rahisi, GB 32 kila kimoja, avitie kwenye bodi ya B450. Vinaingia kwenye sloti vizuri kabisa, ila mashine haiwaki ng'o. Muuzaji alisema RAM ni RAM.

Kuhusu ECC: DDR5 zote zina usahihishaji fulani ndani ya chipu zenyewe, na wauzaji hupenda kuutaja. Huo haulindi data ikiwa njiani kwenda kwa prosesa. ECC kamili kwa Intel ya LGA1700 inataka chipseti (chipu saidizi ya bodi) ya W680. Kwa AM5 bodi kadhaa zinaikubali, lakini lazima liandikwe kwenye ukurasa wa bodi yenyewe na uitafute RAM ya ECC isiyo RDIMM, ambayo hapa kwetu ni ya kuagiza.

Bodi: unalipia nini hasa?

Watu hudhani bodi ghali hukimbiza RAM zaidi. Si lazima. Bodi yenye sloti mbili tu ina waya mfupi na safi, na inaweza kuishinda ya bei mara mbili yenye sloti nne. Hata A620, ya chini kabisa kwenye AM5, inaruhusu EXPO. X670E ina chipu mbili za chipseti mahali B650 ina moja: hizo zinakuongezea milango ya USB, sloti za M.2 (za SSD) na njia za PCIe. Hazikuongezei kasi ya memori.

Kwa hiyo lipia vitu hivi. VRM (sehemu inayoilisha prosesa umeme) yenye vipoza vya chuma vya kweli, kama utaweka prosesa ya kore 12 au 16 na kuiacha irende usiku kucha. Kisumu haipoi kama Nakuru, na ofisi nyingi ninazozijua ziko chini ya mabati. Saa nane mchana chumba kina joto kabla hujawasha chochote. Joto hilo hilo ndilo linanifanya nipende vipande viwili kuliko vinne, maana hewa inapita kati yake, na vinne vyenye volti 1.35 vilivyobanana huanza kutoa makosa ambayo asubuhi huyaoni.

Lipia kitufe cha kuweka bayosi bila prosesa, kile cha nyuma ya bodi chenye mlango wake wa USB. Stima ikipotea katikati ya kuweka bayosi, bodi isiyo na kitufe hicho inaweza kugeuka sahani ya kupambia ukuta. Nimewahi kuipata sahani hiyo. Sasa siweki bayosi bila UPS, na bado nataka kitufe.

Hesabu sloti za M.2 na usome maandishi madogo: kwenye bodi nyingi, ukijaza sloti fulani, milango miwili ya SATA, ile ya diski za kawaida, inazimika. Mwenye diski kubwa za kuhifadhi kazi hugundua hili akiwa amechelewa. Zaidi ya hapo, taa za rangi na vifuniko vya plastiki ni mapambo.

Kabla ya kulipa, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa bodi, tafuta orodha ya RAM walizozijaribu, na uangalie safu inayosema vipande vingapi. Huko ndiko utakuta RAM yako ya 6000 ina alama ya viwili tu, na nafasi ya vinne iko tupu.

Kuhusu kungoja, na bei

Ukijenga AM5 mara ya kwanza, usipatwe na yaliyonipata. Mashine yangu ya kwanza ya aina hiyo niliiwasha, giza. Nikaizima, nikatoa RAM, nikarudisha, giza. Nikaitoa bodi yote, nikasafisha, nikairudisha, nikaitukana kwa Kiluo. Mara ya tatu nilipigiwa simu, nikatoka nje kuongea, nikarudi nikakuta imefunguka yenyewe. Ilikuwa inajifunza memori: DDR5 hupimwa waya kwa waya mara ya kwanza, na kwa RAM nyingi inaweza kuchukua dakika kadhaa. Kila nilipozima niliirudisha mwanzo. Vipande viwili huwekwa sloti ya pili na ya nne kutoka kwa prosesa, halafu unaweka mikono mfukoni.

Kuhusu bei, mwishoni mwa 2025 RAM ilipanda vibaya sana, kwa sababu viwanda vinavyotengeneza chipu nyingi, Samsung, SK Hynix na Micron, vilielekeza mazao yao kwenye vituo vya data vya akili unde. Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuiacha biashara ya Crucial, RAM ambayo wengi wetu tumeizoea. Katika hali hiyo ushauri wangu umebadilika kidogo: mwenye DDR4 nzuri tayari nyumbani ajenge kuizunguka, na anayenunua mpya anunue ukubwa wote kwa siku moja, pakiti moja ya viwili. GB 96 zinapatikana kwa viwili vya 48, na GB 128 kwa viwili vya 64. "Nitaongeza mwezi ujao" ndiyo iliyomleta injinia kwangu.

Yeye kununua viwili vya 64 hakuweza, bei ilikuwa imeshakimbia. Kwa hiyo tulibaki na vinne vyake na nikavipandisha kidogo kidogo kwa mkono. 4000, ikawaka. 4400, ikawaka. 4800, ikawaka, nikaiachia MemTest86, programu ya kupima memori, mizunguko yake minne, usiku kucha na nusu ya siku iliyofuata, bila kosa hata moja. 5200 pia iliwaka, ikafungua Windows vizuri, na saa ya tatu ya jaribio ikatoa makosa mawili.

"Mawili tu, fundi? Kati ya GB 128?"

Nikamwuliza anajuaje hayo mawili yataangukia wapi, kwenye picha ya mpunga au kwenye mpaka wa shamba la mtu. Alicheka, kisha akanyamaza. Nikairudisha 4800, nikafunga kifuniko.